Karakana yetu ina choo cha wanawake, ufunguo anao mtunza stoo. Mlio kwenye sehemu zenye wanaume watupu mnafanyaje?

#1 Dada Spana
Habari zenu wakuu.

Mimi ni fundi mitambo, nipo kwenye karakana ya magari makubwa huku Barabara ya Nyerere, Dar. Jina la kampuni naliacha. Mafundi wa kike tupo wawili. Wanaume ni zaidi ya hamsini ukijumlisha na madereva wanaoleta magari. Kazi naipenda na sina ugomvi na mafundi wenzangu. Ugomvi wangu ni choo.

Choo cha wanawake kipo, na kibao chake kipo mlangoni. Ila ukifungua unakutana na maboksi ya filta na madumu ya grisi. Stoo kubwa imejaa, kwa hiyo mtunza stoo amekigeuza stoo ndogo na ufunguo anao yeye. Ukitaka kwenda haja unapanga foleni dirishani kwake pamoja na mafundi wanaochukua vipuri, zamu yako ikifika unasema mbele ya wote kwamba unataka ufunguo wa choo. Akiwa ametoka kula, subiri arudi. Ukishaingia unasogeza maboksi ndipo ulifikie tundu. Komeo la ndani liling'olewa zamani, kwa hiyo lazima mwenzangu aache kazi aje kunishikia mlango.

Halafu kuna ovaroli. Tunapewa za kipande kimoja, zipu kutoka shingoni mpaka chini. Mwanaume anashusha zipu, amemaliza. Mimi navua helmeti, nafungua mkanda wa zana, natoa mikono yote miwili, naishusha ovaroli mpaka magotini, halafu ile mikono yake naibana kwapani isidondokee kwenye sakafu yenye maji. Hapo niko nusu uchi nyuma ya mlango usio na komeo, na nje nasikia watu wanaulizia fan belti. Siku za hedhi sielezi, kina dada mnajua.

Nimemuuliza fomeni, anasema bajeti. Afisa utumishi anasema hana taarifa kwamba choo kimegeuzwa stoo. Mtunza stoo anasema ni maelekezo ya fomeni. Kwenu inakuwaje? Na hasa naomba wenye uelewa waniambie, hii hali inatokana na nini?

#2 Kobe Mwendo
Nimekaa hapa, uzi huu nausoma mpaka mwisho.

#3 Greda wa Mbezi
Pole sana dada. Nauliza kwa nia njema: kwa nini msitumie cha wanaume? Nyumbani kwetu wote tunatumia choo kimoja, baba, mama, watoto na wageni, na hakuna aliyekufa.

#4 Dada Spana
Kaka @Greda, nyumbani unaingia peke yako na unafunga mlango. Choo chao pale karakana ukifungua tu unakutana na masinki ya kukojolea ukutani, watu wamesimama. Vyumba vyenye milango viko nyuma, na kuvifikia lazima upite migongoni mwa watu. Mwenzangu aliingia siku moja saa ya chakula akiwa amezidiwa. Waliokuwa ndani wakaenda kulalamika kwa fomeni, na aliyeitwa kuonywa ni yeye.

#5 Bi Umeme
Dada Spana, umeniandikia maisha yangu. Mimi nafunga nyaya kwenye saiti za maghorofa. Choo cha saiti ni mabati manne na shimo, kiko chini kabisa karibu na geti. Mimi niko ghorofa ya tisa. Kushuka kwa ngazi, kupanga foleni na kupanda tena ni muda mrefu, na msimamizi anatazama saa. Mabati yenyewe yana matundu ya misumari, na huwezi kujua nani yuko upande wa pili.

Kwa hiyo nimezoea kutokunywa maji. Chai asubuhi kabla sijatoka, halafu mpaka jioni nikifika nyumbani. Juu kule jua la Dar mnalijua, zege linarudisha joto. Kichwa kinauma kila siku ifikapo saa tisa na nilishaona ni kawaida.

#6 Mzee wa Leisi
Wanangu, mimi ni mstaafu wa karakana, nimeanza kazi miaka ya sabini. Nawaambia chanzo kama nilivyokiona. Karakana nyingi mnazozisema zilijengwa wakati fundi wa kike hakuna. Mwanamke pale alikuwa mpiga chapa na mfagizi, na choo chao kiliwekwa jengo la ofisi, ambako leo kinatumiwa na mameneja na wageni. Upande wa mashine hakuna aliyewaza. Baadaye wasichana wakaanza kutoka VETA na vyeti vyao, wakaajiriwa, lakini jengo likabaki lile lile. Hicho choo cha @Dada Spana kitakuwa kiliongezwa baadaye kwenye kona iliyobaki, ndiyo maana kilikuwa rahisi kumezwa na stoo.

Msitafute mbaya wa kumlaumu. Ni majengo ya zamani.

#7 Sheria Mkononi
Mzee @Leisi shikamoo, ila hilo la majengo ya zamani halisimami mbele ya sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha, na vya wanawake vitenganishwe na vya wanaume. Haisemi "isipokuwa kama jengo ni la zamani". Uwiano ni tundu 1 kwa wanawake 20 na tundu 1 kwa wanaume 25. Dada Spana andika barua OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, mwajiri atakimbia mwenyewe.

#8 Mwalimu wa Tandahimba
Mkuu @Sheria Mkononi, la vyoo kutenganishwa sikupingi. Ila huo uwiano wa 20 na 25 ni wa shule. Ni mwongozo wa wizara, tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, tunauimba kila tukikaguliwa. Usimpe dada namba ya shuleni akaenda nayo kwa mwajiri. Mwanasheria wa kampuni ataishika hiyo namba moja na kuitumia kuitupa barua nzima.

#9 Sheria Mkononi
Sawa Mwalimu, nimekupata. Hoja ya msingi inabaki: vyoo vitoshe, vitenganishwe. Stoo ya filta haihesabiki kuwa choo.

#10 Mpemba wa Malindi
Na kwa walioko huku kwetu, msije mkapeleka barua OSHA ya Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar tuna sheria yetu ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2005, na wakaguzi wetu wenyewe.

Jambo jengine ambalo hamjaligusa ni maji. Mimi nipo kazi za bandarini, wanawake tu wachache. Choo tunacho na kinafungika vizuri, lakini bomba halitoki tone mchana kutwa. Mwanamke wa Kiislamu anataka kujitwahirisha apate kusali adhuhuri. Anatia maji chupa ya soda kutoka nyumbani, anaificha mkobani. Mlango bila maji ni nusu ya choo.

#11 Nesi Zamu ya Usiku
Nimesoma bandiko namba 5 nikashtuka. @Bi Umeme, kichwa hicho ni upungufu wa maji mwilini na si kawaida hata kidogo.

Wanawake wa aina yenu tunawapokea sana. Analalamika mkojo unachoma, ukimuuliza kazi anakwambia ni konda au fundi au mlinzi. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa kama sentimita 4. Wa mwanaume unakaribia 20. Bakteria ana safari fupi kwenu. Ukinywa maji na kukojoa mara kwa mara unawasukuma nje. Usipokunywa na ukabana kutwa nzima, unawapa muda wa kuzaliana kwenye kibofu. Kwa mjamzito ni hatari zaidi, maambukizi yakipanda mpaka kwenye figo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

#12 Mama Kelvin
Asante nesi. Lakini si tunaambiwa UTI, hayo maambukizi ya njia ya mkojo, inaambukizwa na vyoo vichafu? Mimi ndiyo maana kazini siendi kabisa, naogopa kukalia.

#13 Nesi Zamu ya Usiku
@Mama Kelvin, hiyo imani imeumiza wengi. Mara nyingi bakteria wenyewe ni E. coli, wanatoka kwenye utumbo wako mwenyewe. Sinki la choo kulikalia siyo njia yao ya kawaida. Kwa hiyo anayekwepa choo cha kazini ili asipate UTI, akabana mkojo kutwa nzima, anaikaribisha ile ile anayoikimbia. Jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, kunywa maji, usibane. Choo kichafu kina magonjwa yake mengine, kuhara kwa mfano, na unatakiwa unawe mikono kwa sabuni. Basi hapo tunarudi kwenye maji ya @Mpemba.

#14 Mchora Ramani
Wadau, mimi ni msanifu majengo, niongeze upande wangu. Mzee wa Leisi yuko sahihi kiasi, ila hata majengo mapya tunakosea. Mteja anakuja anasema, "Vyoo wape sawa kwa sawa, mita za mraba kumi wanaume, kumi wanawake." Anadhani ametenda haki. Kwenye mita kumi za wanaume naweka masinki ya kukojolea matano na vyumba viwili, yaani watu saba kwa mpigo. Kwenye kumi za wanawake naweka vyumba vitatu au vinne, basi. Na mwanamke anatumia muda mrefu zaidi kwa sababu ya nguo, hedhi, na mara nyingi mtoto. Eneo ni sawa, huduma si sawa.

Kwenye viwanda ni mbaya zaidi, kwa sababu mteja anakuuliza, "Wanawake watakuwa wangapi?" Ukimwambia huenda wawili watatu, anakifuta kwenye mchoro. Kisha anashangaa wanawake hawaombi kazi kwake.

#15 Mkaa wa Tabora
Mnasingizia ramani, mara majengo ya zamani, mara mita za mraba. Hapa ni dharau tu. Kitasa cha mlango kinauzwa dukani, kukifunga ni kazi ya nusu saa kwa fundi yeyote, na pale kuna mafundi zaidi ya hamsini! Gari la bosi likikwama komeo la mlango linatengenezwa siku hiyo hiyo.

#16 Greda wa Mbezi
@Mkaa leo umeamka vibaya, ila hapo kwenye kitasa umenimaliza. Dada Spana, wewe mwenyewe fundi, kwa nini usikifunge?

#17 Dada Spana
Nilishafunga komeo, kaka. Mtunza stoo akaling'oa, akasema mtu akijifungia ndani yeye hawezi kufika kwenye filta.

#18 Mtunza Stoo Tegeta
Salamu wote. Mimi si yule wa Dada Spana, ila kazi yangu ni hiyo hiyo na naona sisi ndio tunabebeshwa mzigo. Ngoja niwape upande wetu.

Choo cha wanawake kikiachwa wazi, wanaume ndio wa kwanza kukivamia, kwa sababu ndicho kisafi. Kwetu tulikiacha wazi. Ndani ya muda mfupi kilikuwa kama cha kwao, maji ya grisi sakafuni, vipande vya sigara, tishu na sabuni havikai. Kina dada wenyewe ndio walioomba kifungwe kwa ufunguo. Sasa ufunguo ukae wapi? Kila aliyepewa akaupoteza au akaondoka nao likizo. Mwisho ukaletwa dirishani kwangu kwa sababu mimi sitoki. Filta kuwekwa mle hilo silitetei. Lakini ufunguo si roho mbaya, ulitokana na uchafu wa wanaume.

#19 Bi Umeme
Kaka wa Tegeta nakushukuru kwa kusema wazi. Ila tazama ulichoandika: waliochafua ni wanaume, na wanaopanga foleni dirishani ni wanawake. Kwa nini asifungiwe aliyechafua? Chongeni funguo tatu nne, kila mwanamke na wake. Mkiwa na wanawake watano mnashindwa funguo tano?

#20 Mtunza Stoo Tegeta
Hoja ya funguo naichukua. Ila hujaona kampuni inavyogoma kuchonga funguo, wanasema ni usalama wa mali.

#21 Mwanadada wa Grogan
Hamjambo kutoka Nairobi. Mimi nafanya kazi ya breki na klachi pale Grogan. Sisi wa jua kali, mafundi wa kujiajiri, hatuna hata hicho choo cha kugombania. Tunatumia vyoo vya kulipia, na kila ukienda unatoa pesa. Mwanaume wa jua kali hakosi ukuta, kwa hiyo yeye halipi. Mimi ninalipa kila mara, na siku za hedhi ninalipa zaidi. Hiyo ni gharama ya biashara ambayo mwenzangu wa kiume hana, na wateja wanataka bei iwe moja.

Kwa walioajiriwa huku kwetu, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba mahali penye wafanyakazi wa jinsia zote vyoo vitenganishwe. Pia Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Lakini mnakumbuka Agosti 2019, mbunge Zuleikha Hassan aliingia Bungeni na mtoto wake mchanga akaamriwa atoke. Ikiwa mbunge mwenyewe anatolewa ukumbini na mtoto, mimi wa Grogan nimpelekee nani lalama?

#22 Sheria Mkononi
Hapo kwenye kunyonyesha, huku Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Lakini kumnyonyeshea wapi? Nimemshuhudia mama kiwandani akikamua maziwa chooni. Chakula cha mtoto kinaandaliwa chooni.

#23 Afisa Utumishi Mstaarabu
Nimefanya kazi ya utumishi viwandani muda mrefu. Nitasema jambo ambalo halitawafurahisha. Malalamiko ya choo hayafiki mezani kwetu. Yanaishia kwenye vibaraza. Fomu ya malalamiko inasainiwa na fomeni wa idara, fomeni ni mwanaume, na binti anaona haya kuandika "hedhi" kwenye karatasi atakayoisoma baba wa watu. Kwenye kamati ya usalama na afya nako wawakilishi wanachaguliwa kwa kura, na kwenye karakana ya wanaume watupu unajua atachaguliwa nani. Kikao kinajadili helmeti, vizima moto, buti. Basi.

Na mkaguzi akija, karakana imeshapigwa deki. Maboksi ya filta siku hiyo hayako chooni.

#24 Mkaa wa Tabora
Afisa, kwa hiyo kosa ni la binti kwa kuona haya? Wewe ulishawahi kutoka ofisini ukaenda kukiangalia hicho choo?

#25 Afisa Utumishi Mstaarabu
Sikusema kosa ni lake. Nimesema njia ya malalamiko imepita mahali ambapo yeye hawezi kupita. Ni tofauti.

#26 Mswahili wa Texas
Wakuu nawasoma kutoka ughaibuni. Mimi ni fundi umeme wa majengo, mwanamke, huku Texas. Msidhani tumefika peponi. Saiti tunatumia vibanda vya plastiki vya kukodi, na jua la hapa ukiingia saa nane mchana unatoka umelowa jasho. Wanawake tuliomba kibanda chetu kifungwe kwa kufuli la namba, kila mwanamke ana namba yake kichwani. Hakuna wa kumuomba ufunguo. Hilo @Bi Umeme mnaweza kulifanya hata huko, kufuli za namba Kariakoo zipo.

Kanuni za huku kwa viwanda na karakana zinataka vyoo vitenganishwe, isipokuwa choo cha mtu mmoja chenye mlango unaofungika kwa ndani. Hicho anaingia yeyote. Kwa hiyo kwenye sehemu ndogo wanajenga vyumba vya mtu mmoja mmoja na ugomvi unaisha. Tena tangu 1998 OSHA ya huku ilitoa ufafanuzi kwamba choo kuwepo hakutoshi, mwajiri lazima amruhusu mfanyakazi kwenda anapohitaji. Ufunguo wa dirishani ungekuwa kesi.

Ila hata hawa walichelewa. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya vyoo tofauti vya wanawake viwandani mwaka 1887. Lakini kwenye Bunge la Marekani, mwanamke wa kwanza, Jeannette Rankin, aliingia Baraza la Wawakilishi 1917. Wabunge wanawake walipata choo chao jirani na ukumbi wa baraza hilo mwaka 2011. Miaka yote hiyo wanaume wanatoka hatua chache wanarudi kupiga kura, wanawake wanatembea.

#27 Mzee wa Leisi
Marahaba kijana wa sheria, nilichelewa kuitikia. Na wewe binti wa Texas umeniunga mkono bila kujua: jengo la zamani!

#28 Mkaa wa Tabora
Mzee wangu, tangu 1917 mpaka 2011 walikosa fundi wa kujenga choo kimoja? Jengo halina hatia, wenye jengo ndio wenye hatia.

#29 Dereva wa Tunduma
Nyie wenye choo chenye filta mshukuru. Mimi naendesha semi, Dar mpaka Tunduma. Kina mama tunaoshika usukani wa malori tuko wachache sana. Ukitoka mizani ya Vigwaza unaanza kupiga hesabu. Mwanaume anasimamisha gari, anasimama upande wa tairi, anapanda. Mimi nikiingia porini naingia peke yangu, gari limebaki na mzigo wa watu, na sijui kuna nani au nyoka gani kule ndani. Kipande cha Mikumi ndani ya hifadhi ndiyo kabisa, huruhusiwi kushuka, na wanyama unawaona kwa macho. Na mkisimama kwenye foleni ya mpakani siku mbili tatu, choo kilichopo kimejaa madereva.

Nilichofanya: nabeba kitenge na ndoo yenye mfuniko ndani ya kabini, navuta pazia. Wenzangu wanajua, nikivuta pazia hakuna anayegonga. Hiyo heshima nimeijenga mwenyewe, wala hakuna kampuni iliyonisaidia.

#30 Mama Kelvin
Dada wa lori Mungu akulinde. Na taka za hedhi unaweka wapi? Maana huko kazini kwetu pipa la taka chooni hakuna kabisa. Ukitupa pedi kwenye tundu linaziba, fundi bomba anaitwa, halafu linatolewa tangazo mbele ya wote, "kina mama acheni kutupa vitu chooni". Pipa lenye mfuniko lingemaliza aibu yote hiyo.

#31 Mwalimu wa Tandahimba
Na pedi zenyewe bei. Serikali yetu iliondoa VAT kwenye taulo za kike 2018, tukashangilia, mwaka uliofuata ikarudishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba bei madukani haikushuka. Wenzetu Kenya waliiondoa tangu 2004.

#32 Mwanadada wa Grogan
Ni kweli, Mwalimu. Ila bei bado hainifurahishi.

#33 Greda wa Mbezi
Nimesikia Zambia kina mama wanapewa siku moja kila mwezi kwa ajili ya hedhi. Hapo si tatizo linapungua?

#34 Nesi Zamu ya Usiku
@Greda, ni kila mwanamke aliyeajiriwa, awe na mtoto au asiwe naye. Wanaiita Siku ya Mama, na imo kwenye sheria yao ya ajira ya 2019. Ni siku moja tu. Hedhi inakaa siku kadhaa, na pedi inatakiwa kubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 8. Zile siku nyingine bado anahitaji mlango unaofungika na maji.

#35 Bi Umeme
Na mimi naiogopa hiyo siku. Msimamizi wangu atasema, "Ndiyo maana sichukui wanawake." Nipe choo, nije kazini kila siku.

#36 Mswahili wa Texas
Hapo sikubaliani na wewe dada. Tukianza kukataa haki kwa kuogopa msimamizi atasema nini, hata choo tusingeomba.

#37 Bi Umeme
Wewe uko Texas, mimi kesho asubuhi nasimama getini nachaguliwa kwa kidole. Usipime kwa kipimo kimoja.

#38 Dada Spana
Asanteni nyote, nimesoma kila bandiko. Mimi na mwenzangu tumekaa tukazungumza. Barua ya OSHA anaogopa, ana watoto na mkataba wake unaisha karibuni. Mimi naitaka. Kwa sasa tumekubaliana kuandika barua ya ndani, kwenda kwa afisa utumishi moja kwa moja bila kupitia kwa fomeni, na tunaomba mambo manne: filta zitoke, komeo lirudi, funguo mbili ziwe zetu, pipa lenye mfuniko. Nakala inabaki kwangu na muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, nitaandika OSHA kwa jina langu peke yangu.

Kuhusu chanzo, kila mmoja ameleta lake na bado naona yote yanaingia kwenye choo kimoja kile kile.

Swali la mwisho: ovaroli za vipande viwili, suruali na koti, za kitambaa kizito kisichoshika moto wa welding, nazipata wapi kwa saizi ya mwanamke? Za kazini ndogo kabisa inanivaa mimi.

#39 Mtunza Stoo Tegeta
Jaribu Gerezani, maduka ya vifaa vya usalama. Vipande viwili vipo. Saizi ya kike ndiyo sina uhakika, wengi wanachukua ya kiume ndogo wanapeleka kwa fundi cherehani.

#40 Sheria Mkononi
Asinunue! Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri. Ongeza hilo kwenye barua liwe la tano.

#41 Dereva wa Tunduma
Liongeze, lakini nunua pia. Barua itajibiwa lini?